Hofu ni Kwako: Salamu za Barua Mbele ya Msahihishaji wa Kiingereza

Jumamosi moja alasiri mpwa wangu alinijia nyumbani Olasiti akiwa na karatasi mbili mkononi na uso wa mtu aliyeonewa. Yeye ni muuguzi, naye anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ule wa aina ya General Training ambao hufanywa na wengi wanaokusudia kuhamia nchi kama Kanada na Australia. Kazi ya kwanza katika karatasi ya kuandika ni barua: maneno yasiyopungua 150, kwa muda wa kama dakika 20. Katika zoezi alilopewa na mwalimu wake wa twisheni alitakiwa amwandikie rafiki aliyemwazima kamera, amweleze kwamba imeharibika, amwombe radhi, kisha apendekeze namna ya kulimaliza jambo hilo. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya aya yote ya kwanza na kuandika pembeni kwamba salamu zimezidi na hoja imechelewa.

"Shikamoo Mjomba. Hebu soma uniambie kosa langu ni lipi. Nimemsalimia mtu, basi."

Niliisoma mara mbili. Sarufi yake ilikuwa safi kuliko nilivyotazamia. Alianza kwa kumtumaini rafiki yake kuwa ni mzima wa afya kwa uwezo wa Mungu. Akaendelea kwamba yeye huku Arusha hajambo, hofu ni kwake huyo rafiki. Akauliza hali ya baba na mama wa rafiki, ya wadogo zake, na ya kazi. Akataja mvua. Ndipo akafika mahali pa kusema kwamba dhumuni la barua hii ni kumjulisha habari ya kamera. Kamera yenyewe ilionekana katika mstari wa tisa. Kila neno lilikuwa la Kiingereza, na barua nzima ilikuwa ya Kiswahili.

Niliitambua mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuisoma mara nyingi. Marehemu mama aliacha sanduku la bati lenye barua za miaka ya 1970 na 1980. Nyingi zilipitia sanduku la posta la shule, maana wenye masanduku yao wenyewe walikuwa wachache, na barua hazikuletwa mlangoni. Mtoto wa shule ndiye aliyekuwa tarishi wetu. Zimo za kaka yake mama aliyekuwa mkongeni Tanga, na zimo za binamu aliyekwenda Mwadui kutafuta kazi ya mgodini. Waandishi hao hawakujuana, na walipishana sana kwa elimu, lakini wote huanza namna moja. Mwandishi ni mzima. Hofu na mashaka ni juu yenu wa huko. Baada ya salamu, jambo. Baada ya jambo, salamu tena, safari hii kwa majina, mmoja mmoja, hadi kwa jirani na kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Katika barua moja ya mjomba nimehesabu majina 17 ya kusalimiwa. Jambo lenyewe, la kuomba shilingi za nauli, lilichukua mistari miwili.

Maneno hayo "hofu ni kwako" yanastahili kutazamwa kidogo na watu wa lugha. Mwandishi anasema: habari zangu ninazijua, nami nimekwisha kukutoa wasiwasi, wasiwasi uliobaki duniani ni wa kutojua hali yako. Ni adabu, na pia ni hesabu ya kweli ya zama ambazo barua iliweza kuchukua wiki tatu njiani, na mwandikiwa akawa amekwisha kuzikwa inapofika. Ukiihamisha kauli hii neno kwa neno kwenda Kiingereza, msomaji wa huko hushtuka na kujiuliza ni hatari gani inayomkabili. Mpwa wangu alikuwa amefanya hivyo hasa, na mwalimu alikuwa ameweka alama ya kuuliza.

Adabu hii ni ya kale kuliko posta. Miongoni mwa nyaraka za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji kwa Wareno na washirika wao, na zikaja kuhifadhiwa katika nyaraka za Goa, Bara Hindi. Kwa hiyo tunapoitafuta nathari ya kwanza ya Kiswahili iliyotufikia katika karatasi, tunakutana na watu wanaoandikiana barua. Waraka wa pwani ulikuwa na mwendo wake uliofuatwa na vizazi kwa vizazi. Hufunguliwa kwa sifa na heshima za mwandikiwa, mara nyingi kwa Kiarabu hata kama yanayofuata yote ni Kiswahili. Huja salamu. Huja neno "wabaadu", yaani baada ya hayo. Kisha "nakuarifu", na linaloarifiwa kwanza ni hali ya mwandishi kuwa njema na dua kwamba ya mwandikiwa iwe vivyo hivyo. Hapo ndipo mlango wa shughuli unapofunguliwa. Mwishoni hurudi salamu za waliomo nyumbani, kisha "wasalaam", jina la aliyeandika na tarehe. Karatasi hukunjwa, na anwani huandikwa nje. Ndani ya waraka, kona haikuwa na maana yoyote. Mwandishi alijulikana mwishoni.

Washairi waliupokea mwendo huo na kuupamba. Wasomaji wa mashairi wanaifahamu desturi ya mtunzi kuiambia barua yake iondoke, kuipa njia, kuitajia miji ya kupita, na kuiagiza isirudi bila jibu. Barua huwa mtu: huvaa, hubisha hodi, hupiga magoti mbele ya mwandikiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja mkubwa wa watunzi waliosalimiana, kuulizana na kujibizana kwa beti. Vijana wa leo huniuliza kwa nini mashairi ya zamani hutumia ubeti mzima, au hata mitatu, kabla ya kuingia katika maana. Jibu ni kwamba watunzi wale walikuwa wakiandika barua.

Nilimweleza mpwa wangu hayo, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba msahihishaji wa kule hajui Mambo Leo. Alikuwa na haki. Basi nikamgeuzia upande wa pili wa habari, ambao kwangu ndio wenye utamu zaidi.

Mtihani wa barua ya kirafiki katika lugha ya kigeni ulianza kuwahusu wao kwetu kabla haujatuhusu sisi kwao. Edward Steere, kasisi Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili cha Unguja. Mwishoni mwa kitabu aliweka mifano ya barua za Waswahili, za nathari na za ushairi. Alijua kwamba mmishenari anaweza kumudu ngeli zote na bado akamtukana mzee wa watu kwa kuanza barua na shughuli yake. Wajerumani walifuata. Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Carl Gustav Büttner, aliyefundisha Kiswahili hapo, alitoa mwaka 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ili wanafunzi wake wajizoeze kuyasoma. Waswahili wenyewe waliitwa kwenda kufundisha huko, akiwamo Amur bin Nasur wa Unguja katika miaka ya 1890, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mwaka 1945, katika Tanganyika ya Waingereza, J. W. T. Allen alitoa kitabu kidogo cha kuwasaidia wanafunzi wa Kiswahili kusoma hati ya Kiarabu, kwa kuwa barua za namna hiyo zilikuwa bado zikiandikwa.

Hebu mfikirie kijana wa Kijerumani wa mwaka 1892, amekaa Berlin katika baridi, mbele yake waraka wa mfanyabiashara wa pwani. Anapekua sifa, anapekua salamu, anapekua hali njema, anatafuta jambo liko wapi. Huenda naye alitamani kupiga mstari mwekundu. Lakini mwalimu wake alimtaka azijue salamu hizo, kwa sababu bila hizo hangekuwa anasoma barua ya Mswahili. Hakuna aliyemwambia kwamba salamu zimezidi.

Mpwa wangu alicheka hapo kwa mara ya kwanza.

Kiingereza nacho hakikuzaliwa na barua yake ya kirafiki tumboni. Ulaya ilijifunza kuandika barua kwa vitabu vya kanuni. Erasmus wa Rotterdam alichapisha kimoja mashuhuri kwa Kilatini mwaka 1522. Katika karne ya 18 wachapaji wa London waliona kwamba watu wa kawaida, watumishi wa ndani na wasichana wa mashambani, walihitaji mifano ya barua za kuwaandikia ndugu na marafiki. Samuel Richardson, aliyekuwa mpiga chapa, aliombwa aandike kitabu cha aina hiyo. Akiwa katikati ya kazi alipata wazo la hadithi ya mtumishi wa kike anayewaandikia wazazi wake, akaacha mifano, akaandika riwaya ya Pamela, iliyotoka mwaka 1740. Kitabu cha mifano kilifuata mwaka 1741. Ninapenda sana habari hii. Wasomaji wengi huihesabu Pamela miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiingereza, nayo ilichipuka katika kitabu cha kuwafunza Waingereza namna ya kuandika barua kwa watu wao wenyewe. Wepesi ule unaotakiwa leo katika mtihani, kama mtu anayezungumza bila kujiandaa, uliwahi kunakiliwa kutoka kitabuni na Mwingereza aliyekuwa na wino vidoleni na hofu ya kukosea.

Sisi kwetu barua hiyo iliingia darasani na haijatoka. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Elimu ya msingi ilikuwa imekwisha kupewa Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Kila mmoja wetu aliyepita sekondari anaukumbuka mchoro ule: anwani moja katika kona ya kulia kwa barua ya kirafiki, anwani mbili kwa barua rasmi, tarehe chini ya anwani, sahihi haitakiwi kwa rafiki, inatakiwa kwa mkuu wa ofisi. Majina na sanduku la posta mara nyingi hutolewa na swali lenyewe ili mtahiniwa asijitambulishe. Kwa hiyo mtoto humwandikia rafiki asiyekuwapo, kwa jina lisilo lake, kutoka sanduku la posta ambalo hajawahi kuliona.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mchoro huo uliingia hata katika somo la Kiswahili. Tulipofundishwa insha ya barua ya kirafiki, tulifundishwa kona ya kulia, tarehe, "Kwa rafiki mpendwa", kiini, hitimisho. Umbo ni la Kiingereza, maneno ni ya kwetu. Salamu ziliponea katika aya ya kwanza, na humo mwanafunzi wa Kiswahili aliruhusiwa kuwa Mswahili. Naye alipohamia chumba cha Kiingereza baada ya mapumziko alizibeba salamu zile zile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba zina nchi yake na historia yake. Aliambiwa tu kwamba amekosea.

Barua rasmi haikudharauliwa hivyo, na ninaelewa sababu. Eneo hili la Meru linajua nguvu ya waraka. Baada ya Wameru kuhamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba yao. Ardhi haikurudi kwa hukumu ile, lakini watu waliona kwamba karatasi iliyoandikwa sawasawa hufika mbali. Wazazi waliwataka watoto wao wajue kuandika kwa serikali. Kumwandikia rafiki, nani asiyejua?

Kumbe ndiyo ngumu zaidi. Ukitaka kuona barua ya nduguye mtu ilivyo inapoandikwa na mwenye lugha, itafute Barua za Shaaban Robert, mkusanyiko uliochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, wa barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958. Miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja! Ningekuwa na mamlaka ningeziweka barua hizo mikononi mwa kila mwalimu wa lugha, wa Kiswahili na wa Kiingereza. Huo ni ushahidi wa malenga wetu mkubwa akiwa ndugu ya mtu, mbali na jukwaa.

Jua lilikuwa linaelekea Kisongo, na ndege ndogo za kiwanja cha Arusha zilikuwa zikitukatiza maneno kila mara. Tukarudi kwenye kamera.

Nilimwonyesha kwamba karatasi ya mtihani wake ina mambo matatu ambayo barua lazima iyatimize, na msahihishaji huyatafuta hayo kabla ya lolote. Tena karatasi hiyo humwambia mtahiniwa asiandike anwani yoyote. Kona ya kulia, iliyomtesa sekondari, imefutwa. Mtihani mwingine, ule wa Cambridge wa kiwango cha B1, humtaka mtahiniwa ajibu barua pepe kwa maneno kama 100, na humo pia hakuna kona. Nikiitazama barua pepe naona kwamba imerudi, bila kujua, kwenye waraka wa pwani: anwani iko nje, mwandishi anajulikana mwishoni. Hata nchi yenyewe imebadili anwani zake. Tangu operesheni ya mwaka 2022 nyumba yangu hapa Olasiti ina namba na mtaa una kibao, wakati vitabu vya mazoezi vingali na sanduku la posta.

Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri. "Mjomba, siku nikikuandikia wewe kwa Kiingereza, shikamoo naiweka wapi?"

Hapa kwetu mtoto wa Kiarusha humwinamishia mkubwa kichwa ili aguswe utosini, na salamu imetimia bila neno. Shikamoo hufanya kazi hiyo hiyo kwa sauti. Kiingereza kina neno moja, Dear, ambalo hupewa mjomba, rafiki, benki na mtu usiyemjua. Heshima ya Mwingereza iko katika mambo mengine: kutokumpotezea mtu wakati, kulitaja kosa lako mapema, kuomba kwa namna inayomwachia mtu nafasi ya kukataa. Nilimwambia kwamba katika barua yake ya kamera, kuitaja kamera katika mstari wa pili ndiyo shikamoo ya huko. Kuichelewesha hadi mstari wa tisa, kwa macho ya yule rafiki, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu ukiwa umemvunjia kitu, ukakaa, ukanywa chai, ukauliza habari za mifugo, huku kipande kilichovunjika kimo mfukoni mwako.

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba hapa kwetu hivyo ndivyo ifanywavyo, na anayeingia na kusema moja kwa moja "nimevunja" ndiye asiye na adabu. Sikubishana naye, maana ni kweli.

Akaandika upya mezani pangu, simu ikihesabu dakika. Salamu alizipunguza hadi sentensi mbili. Kamera ikapanda hadi mstari wa tatu, radhi ya wanne, na pendekezo la kumlipa fundi likafuata likiwa na bei. Mvua aliiacha. Wadogo wa rafiki aliwaacha. Lakini mwishoni, kabla ya jina lake, alirudisha sentensi moja ya kumuulizia mama wa rafiki kama mguu wake umepata nafuu. Nilimwambia kwamba mwalimu anaweza kuipigia mstari. Akasema kwamba rafiki anayekuazima kamera yake huwezi kukosa kumjua mama yake, akaihesabu: maneno 14, nayo yote yalikuwa ndani ya dakika 20.